Kuuliza Mpakani: Mbinu za Kitaamuli na Utamaduni Pendwa wa Mji wa Tunduma

Mjini Tunduma, kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia, mtu anayeuliza maswali huku akiandika huhesabiwa kuwa wa serikali mpaka ibainike vinginevyo. Dereva wa lori la kwenda Lubumbashi amekwisha kuhojiwa na forodha, uhamiaji na askari wa barabarani. Mwenye duka ameulizwa na watu wa kodi ziko wapi risiti. Mama aliyevusha mahindi ameulizwa yametoka wapi na yanakwenda kwa nani. Wote wana majibu ya mfukoni: mafupi, ya heshima, yasiyozaa swali la pili. Mtafiti wa utamaduni pendwa akiwafuata na mwongozo wake wa mahojiano, awaulize wanapenda muziki gani na kwa nini, atapewa majibu ya aina hiyohiyo. Atarudi chuoni na kurasa nyingi za uungwana.

Taratibu zenyewe humponza. Kibali cha utafiti hutoka Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Barua hupitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa kule Vwawa, ikateremka wilayani na kwenye halmashauri, ikafika kwa mtendaji wa kata na hatimaye kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye ndiye humtambulisha mgeni. Sina ugomvi na ngazi hizo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeziongezea uzito. Lakini aliyeletwa na mwenyekiti amekwisha kupewa upande. Tasnifu zetu hulitaja jambo hili kwa sentensi moja katika sehemu ya changamoto, kana kwamba ni mvua iliyonyesha siku ya kazi. Mpakani, jinsi watu wanavyojibu maswali ndiyo data ya kwanza, na inastahili sura yake.

Ukanda huu umezoea kuulizwa kuhusu burudani zake. Beni, ngoma ya pwani iliyoiga bendi za kijeshi, ilisambazwa na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia hadi Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Mwanahistoria Terence Ranger aliifuatilia safari hiyo katika kitabu chake cha 1975. Wachimbaji wa shaba walipogoma mwaka 1935, tume ya serikali ya kikoloni ilichunguza pia vyama vya ngoma hiyo, ikitaka kujua vilihusika vipi na mgomo. Mwanaanthropolojia Clyde Mitchell alipokuja baadaye aliingilia mlango mwingine. Mwaka 1951, mjini Luanshya, alitazama kalela ikichezwa: vijana waliovaa nadhifu kwa mtindo wa Kizungu, miongoni mwao mwenye cheo cha daktari na muuguzi mwenye kioo mkononi, na nyimbo za kuyatania makabila mengine. Kutokana na ngoma hiyo moja aliusoma mji mzima wa migodini, akachapisha uchambuzi wake mwaka 1956.

Mfano ninaouona bora zaidi uko mbele kidogo kwenye barabara hiyohiyo ya malori. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza waigizaji wa kundi la Mufwankolo, Lubumbashi, maana ya msemo mmoja kuhusu mamlaka na kula. Badala ya kumpa maelezo, waliutungia mchezo mzima, kwa Kiswahili chao. Fabian hakusema kwamba swali lake limekwepwa. Aliwafuata tangu mazoezi hadi onyesho, na kitabu chake cha 1990 kimejengwa juu ya hoja kwamba yapo maarifa ambayo watu hawawezi kuyaeleza ila kwa kuyatenda.

Tunduma kuna mengi ya namna hiyo. Chukua kibanda cha kuwekea nyimbo, chenye kompyuta moja kuukuu na spika mbili mlangoni. Muulize kijana wa pale wateja wanapenda nini, atakwambia bongo fleva, jibu unaloweza kulipata popote nchini. Kaa naye. Dereva aliyekwama kwenye foleni anakabidhi flashi. Kijana anamuuliza anashuka Dar au anavuka. Kwa anayevuka kuna rumba ya Kongo na nyimbo za Kibemba, kwa anayeshuka singeli haikosi. Malipo ni shilingi, au kwacha kama ndizo zilizopo. Flashi ikijaa huanza mashauriano, kipi kifutwe, na utingo naye ana neno lake. Mimi ningeandika orodha ya vinavyofutwa kabla ya vinavyosifiwa. Kusifu hakugharimu kitu.

Tafiti nyingi za bongo fleva zimefanyika Dar es Salaam, kwa waimbaji na watayarishaji. Mwanaanthropolojia Brad Weiss alifanya vyema kukaa kwenye vibanda vya vinyozi wa Arusha, lakini Arusha nayo ina wasanii wa kutajwa. Tunduma haitambi kwa wasanii. Umuhimu wake uko katika kupitisha, na kwa hiyo cha kufuatwa hapa ni wimbo na njia zake, kuliko kundi liitwalo vijana wa Tunduma, ambao nusu yao kesho wako Nakonde, ng'ambo ya mpaka.

Atatokea wa kuuliza kibanda kimoja kinawakilisha nini. Swali ni halali, na Mitchell mwenyewe alitumia dodoso kwa wanafunzi kupima umbali kati ya makabila. Dodoso lina kazi pale mtafiti anapokwisha kujua swali lipi linajibika.

Pingamizi linaloniumiza kichwa ni jingine. Kibanda cha nyimbo, kijiwe cha bodaboda na kibanda umiza ni maskani ya wanaume, na mbinu ya kukaa huketi wanaume walipoketi. Wanawake wanaovuka kila siku wana saluni, jiko la mama ntilie, na mazoezi ya kwaya, ambayo wengi wetu huyaruka kwa kuwa ni ya kanisa, ilhali nyimbo za kwaya zimo kwenye flashi zilezile. Mwanamume akishinda saluni ataulizwa ana shida gani. Kazi hii inataka watafiti wawili, mwanamke na mwanamume, kila mmoja akiandika shajara yake bila kuona ya mwenzake, na maneno ya Kinyamwanga au Kibemba yakibaki kama yalivyotamkwa mpaka shajara hizo mbili zitakapolinganishwa.