Tathmini bunifu ya Kiingereza kwa watoto wadogo (Gisenyi)

Tathmini bunifu ya Kiingereza ni upimaji wa maendeleo ya mtoto katika lugha hiyo kwa kutumia michezo, vitendo, picha, hadithi na mazungumzo, badala ya kumweka mbele ya karatasi ya maswali. Huwafaa zaidi watoto wa chekechea na wa madarasa matatu ya mwanzo ya shule ya msingi. Makala hii inaieleza kwa kuzingatia mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, Mkoa wa Magharibi wa Rwanda, ambako mtoto huanza shule akiwa tayari na zaidi ya lugha moja kinywani, lakini Kiingereza mara nyingi hakimo.

Mazingira ya lugha

Gisenyi iko kwenye ufuo wa kaskazini wa Ziwa Kivu, na imeungana na jiji la Goma, Kongo, kiasi kwamba mpaka unapita katikati ya makazi ya watu. Kila siku wachuuzi huvuka kwa miguu kupitia Petite Barrière wakiwa na mboga, maziwa na samaki wadogo waitwao sambaza. Nyumbani mtoto husikia Kinyarwanda. Sokoni na mpakani husikia Kiswahili, ambacho tangu 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda. Kifaransa hukisikia kwa wazee waliosoma zamani na kwa jamaa wa Goma. Kiingereza hukutana nacho zaidi ndani ya uzio wa shule.

Hata hivyo, lugha hiyo ndiyo imebebeshwa mzigo wa masomo. Oktoba 2008 Baraza la Mawaziri liliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na mwaka uliofuata shule zikaanza kuhama kutoka Kifaransa. Mwaka 2011 Kinyarwanda kilirudishwa katika madarasa matatu ya chini. Desemba 2019 ikatangazwa kwamba Kiingereza kitumike tangu darasa la kwanza. Utekelezaji wa 2020 ulikuwa haujashika kasi pale shule zilipofungwa Machi kwa sababu ya korona, zikaanza kufunguliwa tena Novemba. Kwa kuwa Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia, swali la kama mtoto anakielewa linagusa masomo yote. Anayekosa hesabu huenda anajua kujumlisha vizuri kabisa, ila hakuelewa alichoulizwa.

Kasoro ya karatasi

Mtihani wa maandishi kwa mtoto wa miaka sita au saba hupima mambo matatu kwa mpigo: kusoma, kuandika na kujua lugha. Akipata sifuri, mwalimu hawezi kusema ni lipi kati ya hayo lililomshinda. Mtoto anayeelewa kila agizo la mwalimu wake anaweza kurudisha karatasi tupu kwa sababu penseli bado inamhangaisha.

Kuna pia ukimya. Watoto wengi wanaojifunza lugha ngeni hupitia kipindi cha kusikiliza bila kusema, na huo si uvivu wala ujinga. Kwa mzungumzaji wa Kinyarwanda kuna suala la matamshi vilevile: sauti za r na l hazitenganishi maana katika lugha hiyo kama zinavyotenganisha “kula” na “kura” katika Kiswahili. Mtoto akisema “lice” badala ya “rice” huku kidole chake kiko kwenye picha ya wali, amejibu sawasawa. Kumnyima alama hapo ni kupima ulimi wake wa nyumbani, na jambo hilo linakatisha tamaa bila faida yoyote.

Njia zinazotumika

Ya kwanza ni maagizo na vitendo, njia iliyoenezwa tangu miaka ya 1960 na mwanasaikolojia wa Marekani James Asher. Mwalimu anasema, mtoto anatenda: anasimama, anagusa dirisha, anaweka jiwe chini ya kiti. Hatari yake ni kuigana. Darasa zima likiambiwa lisimame, wanne wanaoelewa husimama na wengine huwafuata. Dawa ni kuwaita watoto watatu au wanne kwa zamu, na kuwapa agizo ambalo hawajawahi kulisikia likiwa hivyo, ingawa kila neno lake wanalijua. Aliyezoea kuweka kitabu juu ya meza aambiwe aweke kiatu nyuma ya mlango. Akifanya, ameelewa lugha; hakukariri.

Ya pili ni mchoro wa kusikiliza, na katika mji wa ziwa njia hii ina utajiri wa pekee. Wavuvi wa sambaza wa Kivu hufunga mitumbwi mitatu sambamba, miti mirefu ikichomoza mbele na nyuma kushika nyavu, na watoto wa Gisenyi wamekua wakiiona. Mwalimu anaeleza kwa Kiingereza polepole: chora mitumbwi mitatu, weka watu wawili katika mtumbwi wa kati, chora samaki wadogo chini ya mitumbwi, mwezi uwe wa njano. Kisha anatazama idadi, mahali na rangi. Aliyechora mitumbwi mitatu lakini akaweka samaki angani ameelewa namba, hajashika neno la mahali. Karatasi hiyo haina hata herufi moja, nayo inamweleza mwalimu kwa usahihi cha kufundisha kesho.

Ya tatu ni mchezo wa duka. Visoda vya chupa, ambavyo havikosekani katika mji wenye kiwanda cha bia tangu 1957, vinakuwa fedha. Nyanya, vitunguu na sambaza vinachorwa kwenye vipande vya boksi. Muuzaji na mnunuzi wanazungumza, mwalimu anakaa pembeni na orodha yenye safu nne: ameelewa kwa ishara, amejibu kwa neno moja, amejibu kwa sentensi, ameuliza swali mwenyewe. Mtoto akichomeka neno la Kinyarwanda, Kiswahili au Kifaransa, linaandikwa bila kukatwa alama, kwa kuwa linaonyesha anachotaka kusema na bado hana neno lake.

Wenye haya husaidiwa na vikaragosi vya soksi au vya maganda ya mgomba. Mtoto asiyefungua mdomo mbele ya mwalimu mara nyingi huongea kwa niaba ya kikaragosi chake. Hadithi fupi nayo hupimwa kwa picha zilizochanganywa: mtoto azipange kwa mfuatano, na anayeweza asimulie.

Nyimbo na viitikio vinapendwa sana, lakini kama ushahidi ni dhaifu. Darasa linalojibu salamu kwa sauti moja linapendeza masikioni, na ndani yake wamo watoto wasiojua wanachotamka. Wimbo ufundishie, usitolewe alama.

Kumbukumbu na alama

Kinachoigeuza michezo kuwa tathmini ni maandishi ya mwalimu. Katika darasa la watoto sitini hakuna anayeweza kuwaangalia wote kwa siku moja, na shule zenye zamu ya asubuhi na ya mchana huongeza ugumu. Inawezekana kuwaangalia watoto sita katika kila kipindi, majina yakiwa yamepangwa mapema ili wale wasemaji wasichukue nafasi zote. Baada ya vipindi kumi kila mmoja ameonekana. Kazi zenyewe, yaani michoro yenye tarehe, huhifadhiwa katika mkoba wa kila mtoto.

Mtaala wa Rwanda unaojenga umahiri, uliozinduliwa 2015 na kuanza kutumika 2016, unaruhusu jambo hili waziwazi, kwa kuwa unadai tathmini endelevu ya anachoweza mwanafunzi kufanya. Nje ya Rwanda mifano ipo. Mitihani ya Cambridge ya watoto, iliyoanza 1997, haina kufaulu wala kufeli; mtoto hupewa ngao, hadi tano kwa kila eneo. Uwezo, mpango wa Afrika Mashariki ulioanza 2009 kwa kufuata mfano wa upimaji wa ASER wa India, ulipeleka wapimaji nyumbani nchini Kenya, Tanzania na Uganda. Mtoto alisoma kwa sauti herufi, maneno, aya na hadithi mbele ya mtu mmoja, akaishia pale uwezo wake ulipofikia.

Kikwazo kikubwa zaidi ni mtihani wa taifa wa darasa la sita, ulio wa maandishi. Mzazi anayeujua hudai karatasi zenye alama nyekundu tangu darasa la kwanza, na dai lake lina msingi. Kwa sababu hiyo maandishi huingizwa hatua kwa hatua: darasa la pili mtoto huandika neno moja chini ya kila kitu alichokichora, na la tatu huandika sentensi moja kuhusu picha nzima. Kwenye mkutano wa wazazi mwalimu hufungua mkoba na kuweka mchoro wa muhula wa kwanza kando ya ule wa muhula wa tatu, akieleza kwa Kinyarwanda au Kiswahili mtoto alisikia nini na akafanya nini.