Faili za Beni: Serikali Ilipotaka Kujua Kwa Nini Watu Wanaua

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakulima wa pande za Beni, mashariki mwa Kongo, walianza kukuta maiti mashambani. Miili ilikuwa imechanwa kwa makucha, na pengine kando yake palionekana nyayo za chui. Wengi wa waliouawa walikuwa wanawake na watoto, watu wa kutoka na jembe alfajiri bila mlinzi. Wenyeji walijua fika kwamba huyo si chui. Makucha yalikuwa ya chuma, na nyayo zilipigwa kwa kijiti kilichochongwa. Wauaji waliitwa vihokohoko. Wabelgiji, waliokwisha kusikia habari kama hizo kwa Wabali wa upande wa mto Aruwimi, waliwaandika kwa jina la anioto.

Serikali ya kikoloni ilijibu kwa askari, mahakama na kitanzi. Lakini kitanzi hutanguliwa na karatasi, na karatasi hizo ndizo zinazostahili kutazamwa kwa makini.

Afisa wa wilaya katika Kongo ya Wabelgiji alikuwa na kofia nyingi. Alikusanya kodi, alisimamia barabara, alipeleleza makosa. Tangu dekreti ya tarehe 15 Aprili 1926 iliyopanga mahakama za wenyeji, alikaa pia juu ya mahakama ya wilaya, huku machifu wakiamua kesi ndogo chini yake. Juu ya hayo yote alitakiwa awe mtafiti: aandike nasaba za koo, mipaka ya ardhi, nani alitawala kabla ya Wazungu kuja na kwa haki gani. Siasa ya waziri wa makoloni Louis Franck ya kutawala kupitia machifu, iliyoanza kushika nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilihitaji majibu ya maswali hayo. Bila utafiti serikali isingejua ni nani wa kumvika medali ya uchifu.

Kwa hiyo mtu yuleyule aliyeuliza nani ameua ndiye aliyeuliza nani ni chifu halali. Hapo ndipo penye uzito wa historia hii.

Hati ya mahojiano, ile ambayo hadi leo Wakongomani huiita PV, huanza kwa maneno ya Kilatini, Pro Justitia. Hufuata tarehe, jina la afisa, kisha mtuhumiwa: mtoto wa fulani na wa fulani, mzaliwa wa kijiji fulani, chini ya chifu fulani, wilaya fulani. Kabla hajafungua kinywa kueleza tendo lake, mtu amekwisha kufungwa kwenye ukoo na kwenye uchifu. Maneno yake hupita kwa mkalimani na kuishia katika Kifaransa cha ofisi. Katika kesi za anioto, wengi wa waliohojiwa walikuwa mahabusu, na mahabusu anayeogopa kamba husema lile analodhani linatakiwa.

Kutokana na faili za namna hiyo vikazaliwa vitabu. Paul-Ernest Joset, aliyekuwa mtumishi wa utawala wa koloni, alichapisha Paris mwaka 1955 kitabu kizima juu ya vyama vya siri vya watu-chui katika Afrika. Huko Ubelgiji picha ilikuwa imekwisha kukaa vichwani: tangu 1913 jumba la makumbusho la Tervuren lilikuwa na sanamu iliyotengenezwa na Paul Wissaert, ya mtu aliyejifunika ngozi yenye madoa akimwinamia mtu aliyelala. Jumba lilipofunguliwa upya mwaka 2018, sanamu hiyo ilitengwa katika chumba cha pembeni pamoja na nyingine za aina yake.

Mtafiti Vicky Van Bockhaven, aliyerudi kuzisoma nyaraka za wakoloni na wamisionari, aliona jambo ambalo maafisa walilikaribia bila kutaka kulikubali. Mauaji yalikwenda sambamba na ugomvi wa madaraka. Utawala ulipounganisha koo, ulipohamisha vijiji na kumnyanyua huyu ukimwacha yule, wakubwa waliopokonywa nafasi walitumia vihokohoko kuwatia hofu wapinzani wao, wakiwapiga kupitia wake na watoto wao. Kama ni hivyo, basi serikali ilikuwa inapeleleza, kwa sehemu, matokeo ya kazi yake yenyewe. Hilo halikuandikwa kwenye PV.

Katika nchi jirani watafiti walijaribu njia nyingine. Busoga, Uganda, katika miaka ya 1950, Lloyd na Margaret Fallers walisoma majalada ya mahakama na kukuta kwamba mauaji mengi yalitokea kati ya watu waliojuana, hasa mume na mke. Tanzania, msomi Simeon Mesaki alichambua hesabu za serikali za mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi kati ya 1970 na 1984: waliokufa ni 3,693, kati yao wanawake 2,286, na sehemu kubwa ni Usukumani. Baadaye Edward Miguel alionyesha kwamba katika wilaya ya Meatu mauaji hayo yaliongezeka takriban maradufu katika miaka ya ukame au mafuriko. Afisa wa Beni wa 1933 angefaidika sana kuuliza habari za mvua na chakula.

Oktoba 2014 mauaji yalirudi Beni, safari hii kwa mapanga. Serikali ilitaja jina moja, la waasi wa ADF. Machi 2016 ripoti ya Kundi la Utafiti juu ya Kongo, lenye makao Chuo Kikuu cha New York, ilisema mikono ilikuwa mingi zaidi: ADF, wanamgambo wa mahali, mitandao ya waasi wa zamani, hata baadhi ya maafisa wa jeshi la taifa. Miezi mitano baadaye, kufuatia mauaji ya Rwangoma, mahakama ya kijeshi ilianza kusikiliza kesi hadharani mjini Beni. Kisha tarehe 6 Mei 2021 hali ya dharura ikaanza kutumika katika mikoa ya Kivu Kaskazini na Ituri, na kesi za jinai zikahamishiwa kwa wanajeshi. Kama enzi za mkoloni, mwenye bunduki akawa pia mwenye faili.

Katika mkoa huohuo wa Kivu Kaskazini, Alimbongo, kule juu kwenye baridi, kwenye barabara ya taifa namba 2 kati ya Kanyabayonga na Lubero, ilifikiwa na vita vya waasi wa M23 Desemba 2024. Familia zilishuka kuelekea Lubero na Butembo. Aliyeuawa njiani siku hizo hana PV, na ndugu zake wametawanyika kwa wenyeji waliowapokea.

Butembo kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa 1989, chenye kitivo cha sheria. Wanafunzi wake wanajua Kinande, wanajua Kiswahili, na baadhi yao wenyewe ni watoto wa waliokimbia. Kinshasa ingeweza kuwaajiri hao kama watafiti wa serikali, wenye mshahara na kinga ya kisheria, wasiokuwa chini ya auditora, yaani mwendesha mashtaka wa kijeshi, wala chini ya gavana wa kijeshi, na kuwapa orodha ya wa kuanza kuwahoji: wajane, yatima, na wakulima walioacha mashamba.