Pampu ya Joto: Historia ya Mtambo na Mgogoro wa Jina Lake

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wafasiri wa vitabu vya ufundi na miongozo ya nishati ni jina la mtambo mmoja ambao katika nchi nyingi za baridi umekuwa chombo cha kawaida cha nyumbani, nao mara nyingi hufungwa pamoja na paneli za umeme wa jua. Wako wanaouita hita, wako wanaouita kipasha joto, na wako wanaouita kiyoyozi wakaishia hapo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa kufuata historia ya mtambo wenyewe, kwamba majina mawili ya kwanza yanampotosha msomaji, na la tatu linamweleza nusu tu ya jambo.

Yafaa tuanze na lugha kabla ya chuma. Sisi husema "funga mlango, baridi isiingie". Katika usemi huu joto na baridi ni vitu viwili, kila kimoja na miguu yake. Kwa mwanafizikia hakuna baridi inayoingia. Kuna joto linalotoka. Hata hewa ya nyuzi 0 za Selsiasi ina joto ndani yake, ingawa sentensi hiyo husikika kama kichekesho. Joto hili lina tabia ya kwenda lenyewe kutoka penye moto hadi penye baridi, mfano wa maji yateremkayo bondeni. Kulipandisha kinyume na tabia yake kwahitaji nguvu, kama vile maji ya kisima yahitajivyo kuvutwa.

Wazo hili lilikomaa katika karne ya 19. Mwaka 1824 Mfaransa Sadi Carnot alieleza jinsi injini ya mvuke inavyopata nguvu kutokana na kuteremka kwa joto. Mwaka 1834 Jacob Perkins, Mmarekani aliyekuwa akiishi London, alipata hataza ya mtambo wa kutengeneza barafu kwa kuvukiza etha na kuukandamiza mvuke wake upate kuwa kiowevu tena. Ndipo mwaka 1852 William Thomson wa Chuo Kikuu cha Glasgow, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Lord Kelvin, alipoandika makala kuhusu njia ya kupasha joto au kupoza majengo kwa mikondo ya hewa bila gharama kubwa. Mfasiri na alitazame vizuri neno hilo "au". Tangu siku ya kwanza mtambo ulikuwa mmoja na kazi zilikuwa mbili. Waliozitenga ni wafanyabiashara wa baadaye, waliouza barafu upande huu na makaa ya mawe upande ule.

Ulipita muda mrefu kabla wazo la Thomson halijaingia majumbani. Mwaka 1930 mhandisi T. G. N. Haldane aliwasilisha mbele ya wahandisi wa umeme wa Uingereza taarifa ya mtambo alioujaribu kwa kupasha joto nyumba yake huko Scotland. Mwaka 1938 Baraza la mji wa Zürich, Uswisi, lilifungiwa mtambo uliochota joto katika mto Limmat, ukachukua nafasi ya majiko ya kuni. Uswisi haikuwa na makaa ya mawe ya kutosha, ila ilikuwa na umeme wa maporomoko ya maji. Mtambo huo ulidumu hadi mwaka 2001.

Sasa tuone madhara ya jina. Tujaalie nyumba yahitaji uniti 9 za joto kwa siku. Hita ya umeme, hata iwe nzuri namna gani, itatumia uniti 9 za umeme, kwa kuwa hita hulizalisha joto palepale. Mtambo tunaouzungumzia, katika hali ya hewa isiyo kali mno, waweza kutumia uniti 3 tu. Zile 6 zilizobaki huchotwa nje. Afisa aliyesoma "hita" katika tafsiri ataagiza paneli za jua mara tatu ya zinazohitajika, au atalikataa pendekezo lote kwa kuwa ni ghali. Kosa hilo halitaonekana katika sarufi. Litaonekana katika bajeti.

Neno "sola" nalo lina mtego wake. Mwaka 1956 kampuni ya wahandisi Bridgers na Paxton ilijenga ofisi yake huko Albuquerque, Marekani, ikiwa na mtambo wa aina hii uliosaidiwa na jua. Lakini ukuta ule wa vioo haukutoa umeme hata kidogo: ulipasha maji moto, na mtambo ukachota joto katika maji hayo. Seli ya silikoni ya kugeuza mwanga kuwa umeme ilikuwa imeonyeshwa miaka miwili tu kabla, mwaka 1954, na maabara ya Bell, nayo ilinasa kiasi cha asilimia 6 tu ya nishati ya mwanga. Kwa hiyo mfasiri atofautishe umeme wa jua na joto la jua, wala asiyafunike yote mawili kwa "sola".

Isitoshe, jua halimtumikii kila mtu sawasawa. Dar es Salaam joto la mchana na nguvu ya paneli huja pamoja, hivyo kiyoyozi hupata umeme saa ileile kinapouhitaji. Zürich mahitaji makubwa huja usiku na majira ya baridi, wakati jua limekuwa haba. Nyumba hutegemea gridi.

Kwa sababu hizo tunapendekeza "pampu ya joto", wingi "pampu za joto". Wajerumani na Wafaransa nao husema hivyohivyo kwa maneno yao. Kiyoyozi kibaki kuwa jina la pampu ya joto iliyowekwa kupoza chumba, maana ndivyo kilivyo: joto la ndani hutupwa nje. Mtu asimame nyuma ya kiyoyozi barabarani atalisikia usoni.

Limebaki jina la kile kinachozunguka katika mabomba, mara kiowevu, mara mvuke. Mafundi wa majokofu husema "gesi", na kwa karakana yatosha. Kwa sheria haitoshi, maana nusu ya safari yake si gesi, na Marekebisho ya Kigali ya tarehe 15 Oktoba 2016, yaliyoongezwa katika Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, yanahusu kupunguza vitu hivihivi vya jamii ya HFC. Tumefikiria "kipozaji", lakini kiyoyozi chenyewe nacho ni kipozaji. Msomaji mwenye neno lililo bora, hasa likiwa limesikika vinywani mwa mafundi, na atuletee.