Ukoo wa Kongowea: Pa kuanzia kumtafuta babu aliyekombolewa

MSAFIRI anayevuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa kuelekea soko la Kongowea hupita mahali paitwapo Kengeleni. Jina hilo limetokana na kengele iliyotundikwa kando ya barabara, ambayo wazee husimulia kwamba ilipigwa kuwatahadharisha wakazi wa Frere Town majahazi ya wauza watumwa yalipoonekana. Wengi hupita bila kuitazama. Lakini kwa familia kadhaa za Kongowea na Kisauni, habari za ukoo hurudi nyuma hadi kwenye kengele hiyo, kisha hukatika.

Kukatika huko kuna uzito wake. "Kwenu ni wapi?" ni swali jepesi kwa Wakenya wengi, na sheria ya usajili wa watu humtaka anayeandikishwa ataje kabila lake. Kwa mjukuu wa mtu aliyekombolewa jahazini, jibu laweza kuwa Malawi, Msumbiji au Tanzania, na huenda babu mwenyewe alitekwa akiwa mtoto asiyejua jina la nchi yake. Hata hivyo, nyayo zake hazikufutika zote. Anayetaka kuzifuata sharti ajue kwanza babu aliingia Pwani kwa mlango upi, kwa sababu kila mlango una karatasi zake.

MILANGO MITATU

Frere Town ilianzishwa mwaka wa 1875 na shirika la kimisionari la Uingereza, Church Missionary Society, maarufu kama CMS, chini ya uongozi wa Kasisi William Salter Price. Ilipewa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyetumwa Unguja mwaka wa 1873 kumshinikiza Sultani Barghash. Mkataba uliotiwa saini Juni 5 mwaka huo ulipiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga soko la Unguja. Manowari za Uingereza ziliendelea kuyakamata majahazi yaliyokiuka amri hiyo, na baadhi ya waliookolewa wakateremshwa Frere Town. Hao waliitwa mateka, na wao ndio mlango wa kwanza.

Mlango wa pili ni wa Bara Hindi. Kabla ya 1875, Waafrika wengi waliookolewa baharini walipelekwa Bombay, na baadhi yao wakalelewa na wamisionari huko Sharanpur, karibu na Nasik. Waliporejea Afrika Mashariki walikuwa mafundi, walimu na wahubiri wenye majina ya Kizungu. William Jones na George David walifika Rabai mwaka wa 1864, miaka kumi na moja kabla ya Frere Town kuwapo. Matthew Wellington, mmoja wa waliousafirisha mwili wa David Livingstone hadi pwani, alikuwa mwanafunzi wa Nasik. Aliishi Mombasa hadi alipofariki mwaka wa 1935.

Mlango wa tatu ni wa watoro, yaani watumwa waliokimbia mashamba ya Pwani na kujificha katika vituo vya misheni, hasa Rabai. Mwanzoni mwa 1889, Kampuni ya Imperial British East Africa, ikiongozwa na George Mackenzie, iliwalipa mabwana fidia, na watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Waliobaki utumwani Pwani walisubiri hadi mwaka wa 1907, utumwa ulipokomeshwa kisheria.

ANZA NYUMBANI

Uchunguzi wa ukoo huenda kinyumenyume, kizazi baada ya kizazi, kutoka kinachojulikana kuelekea kisichojulikana. Anayeruka moja kwa moja hadi mwaka wa 1875 huishia kushika babu wa watu wengine.

Hatua ya kwanza ni kuketi na wazee wa nyumbani, nyanya na shangazi kabla ya wengine, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaokumbuka nani alimwoa nani. Waulizwe majina yote ya marehemu, kanisa alilobatiziwa, kazi aliyofanya, majirani zake na lugha aliyoitumia alipokasirika au alipoimba. Neno moja la Kiyao au Kimakua lililosalia katika nyimbo za kubembelezea watoto laweza kuwa ushahidi mkubwa kuliko cheti.

Adabu inahitajika. Wapo wazee walionyamaza miaka yote kwa sababu neno mtumwa lilitumiwa kuwatusi. Asiyetaka kusema leo asishurutishwe. Huenda akasema siku nyingine, akiulizwa na mjukuu anayempenda.

Baada ya hapo yafunguliwe masanduku. Kipande, ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kuanzia takriban 1920, kilionyesha jina, kabila na waajiri. Cheti cha ubatizo, picha yenye maandishi nyuma au Biblia yenye orodha ya vizazi pia vina thamani kubwa.

DAFTARI ZA KANISA NA ARDHI

Uandikishaji wa lazima wa vizazi na vifo uliwafikia Waafrika wa Kenya kidogo kidogo, muda mrefu baada ya Wazungu. Kwa hivyo, kwa watu wa Frere Town, daftari za ubatizo, ndoa na mazishi ndizo za kutafutwa kwanza. Mahali pa kuulizia ni Kanisa la Emmanuel, Frere Town, na ofisi za Dayosisi ya Mombasa ya Kanisa la Kianglikana. Majina ya wazazi wa ubatizo na mashahidi wa ndoa yanakiliwe pia, kwani mara nyingi walikuwa jamaa au wenzi wa jahazi moja.

Tatizo hili si la Pwani pekee. Nchini Ireland, moto wa Juni 1922 katika jumba la kumbukumbu za umma mjini Dublin uliteketeza sehemu kubwa ya hesabu za watu za karne ya 19. Watafiti wa huko hutegemea daftari za parokia pamoja na orodha ya wakaazi wa ardhi iliyotayarishwa kati ya 1847 na 1864. Pwani ya Kenya nayo ina Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, iliyowataka wadai wa mashamba wawasilishe madai yao. Anayetafuta ukoo asiache kuulizia kumbukumbu za ardhi za Mombasa.

NYARAKA ZA MBALI

Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, Moi Avenue jijini Nairobi, ina majalada ya utawala wa kikoloni wa Pwani. Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar iliyoko Kilimani inatunza kumbukumbu za ubalozi mdogo wa Uingereza, ulioshughulikia kesi za majahazi yaliyokamatwa. Nakala za mawasiliano hayo zimo London, katika majalada ya Wizara ya Mambo ya Nje yenye alama FO 84. Barua na ripoti za wamisionari wa CMS zimehifadhiwa katika Maktaba ya Cadbury, Chuo Kikuu cha Birmingham.

Anayezisoma asitarajie makuu. Ripoti za manowari mara nyingi hutaja idadi ya wanaume, wanawake na watoto, bila majina. Mtu mmoja pia huweza kuwa na majina matatu: la kwao, la utumwani kama Mabruki au Feruzi, na la ubatizo. Kabila lililoandikwa nalo lichunguzwe. Aliyeitwa Mnyasa huenda alitoka popote kandokando ya ziwa. Vipimo vya DNA vyaweza kuonyesha eneo pana la asili, lakini havitaji kijiji wala jina.

Kwamba kumbukumbu hizi zaweza kuokolewa kulithibitishwa na James Juma Mbotela, aliyeandika habari za mateka wa Frere Town katika kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka wa 1934. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alikuwa wa ukoo huo. Mwandishi huyo aliwahi kuwasikia kwa masikio yake watu waliotoka jahazini. Walio hai leo ni wajukuu na vitukuu wao, na idadi yao inapungua. Karatasi za Birmingham na Kilimani zitangoja mwaka mwingine. Bibi wa miaka 90 ndiye wa kutembelewa kwanza, na jina la kila anayemtaja liandikwe siku iyo hiyo.