Mzabibu na Tangi: Chuma Kisichoshika Kutu katika Historia ya Mvinyo wa Dodoma

Historia ya mvinyo wa Dodoma kwa kawaida husimuliwa kwa kuanzia na mche: wamisionari Wakatoliki walioupanda Bihawana mwaka 1957, kisha utafiti wa Makutupora, na ardhi inayozaa mara mbili kwa mwaka. Chombo cha kuhifadhia hakipewi nafasi, ingawa kwa kiasi kikubwa ndicho kilichoamua hatima ya mkulima.

Wagogo walikuwa na vibuyu na mitungi yao, navyo viliwatosha, kwa kuwa pombe ya uwele au mtama hunywewa ndani ya siku chache. Mvinyo hukaa miezi, tena una asidi inayokula chuma cha kawaida. Chuma kikiyeyuka humo, mvinyo huingia ukungu na ladha yake huharibika. Suluhisho lilitoka mbali na shamba lolote la mizabibu. Mwaka 1913, mjini Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki, akapata mchanganyiko wenye kromi ya takriban asilimia 13 ambao siki haikuudhuru kwa urahisi. Kromi, ikifikia angalau asilimia 10.5, hushikana na oksijeni na kufanya utando usioonekana kwa macho. Ukikwaruzwa, hujiunda upya.

Hata hivyo, jina la “kisichoshika kutu” linaahidi kupita uwezo wa chuma chenyewe. Kloridi hutoboa utando huo, na maji ya visima vingi vya uwanda wa kati yana chumvi. Tangi likioshwa kwa maji hayo na kuachwa likauke, vitundu vidogo huweza kuanza. Dioksidi ya salfa, itiwayo kuulinda mvinyo, nayo hujikusanya juu ya kimiminika na kushambulia sehemu ya juu ya tangi. Ndiyo sababu hapo hupendelewa aina yenye molibdeni, ambayo ni ghali zaidi.

Gharama hiyo ndiyo kiini cha suala. Zabibu iliyoiva katika joto la Dodoma haisubiri mnunuzi. Mchuzi wake, ukipozwa na kutunzwa vizuri, waweza kusubiri. Mkulima wa Hombolo au Chinangali asiye na tangi huuza kwa bei ya siku ile, na viwanda vikijaa, mavuno humwozea shambani. Wakulima wanaohifadhi mchuzi kwa pamoja hupata muda wa kujadiliana na kiwanda, muda usiozidi ule ambao tangi linaweza kuushikilia.