Gitaa la besi lilale kwa nani?

Juma lililopita niliitwa Butimba kusuluhisha ugomvi ambao sikuwa na sifa yoyote ya kuusuluhisha. Butimba mnaifahamu. Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya kwenda Shinyanga, ukapita Igogo na Mkuyuni, kabla hujafika Nyegezi, ndipo penye Chuo cha Ualimu ambacho kwa miaka mingi kimewatoa walimu wa muziki na sanaa. Ndipo pia penye gereza ambalo wengi hulikumbuka kwanza wakisikia jina hilo. Ugomvi wenyewe haukuhusu chuo wala gereza. Ulihusu gitaa la besi.

Kwaya moja ya vijana ilichanga fedha kwa miezi minane, ikanunua gitaa jipya la nyuzi tano pamoja na spika yake. Furaha haikumaliza hata juma moja, kwa kuwa liliingia swali: gitaa litalala wapi? Kamati ilitaka lifungiwe stoo na ufunguo ukae kwa mweka hazina. Mpigaji, kijana mwendesha bodaboda, akasema gitaa asiloligusa siku sita hawezi kulipiga siku ya saba. Mjumbe mmoja akamwambia waziwazi kwamba akipewa atatoroka nalo. Kijana akanuna, na Jumapili mbili mfululizo kwaya ikaimba kwa kinanda peke yake.

Nilikwenda kumchukua mzee mmoja jirani yao, aliyepiga besi katika bendi ya shirika moja la umma kwa zaidi ya miaka 20. Nikamwamkia, shikamoo mzee, nikamweleza. Akacheka. "Marahaba mwanangu. Hao wanagombania jambo lililotutoa sisi jasho kabla hawajazaliwa."

Basi leo nataka tuliangalie jambo hilo tangu lilikoanzia.

Katika miaka ya 1930 na 1940, bendi zetu nyingi zilikuwa vilabu. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz iliyoundwa na watu waliotoka magharibi ya nchi, zote hizo zilikuwa na wanachama waliotoa michango, na kwa michango hiyo vikanunuliwa vyombo. Magitaa yalikuwa makavu, yasiyo na umeme. Palikuwa na banjo, mandolini, zeze za Kizungu, tarumbeta na ngoma. Kazi ya sauti nzito ilifanywa na ngoma kubwa, au pale palipopatikana, na besi la kusimama lenye kimo cha mtu. Chombo kilikuwa cha chama, na mpigaji mwenyewe alikuwa mwanachama. Ugomvi haukukosekana, lakini kila aliyegombana alikuwa na shilingi yake ndani.

Gitaa la besi tunalolijua leo lilikuwa bado halijafika. Kule Marekani, katika mji wa Seattle, kuna mtu aliyetengeneza la kwake miaka ya 1930, ila halikuenea. Lililoenea ni la Leo Fender wa Fullerton, California, aliloliuza kuanzia mwaka 1951. Huyu bwana alianza maisha akiwa fundi redio, na gitaa lenyewe hakujua kulipiga. Aliona kwamba besi la kusimama ni mzigo kusafirisha, halisikiki mbele ya magitaa ya umeme, na mpigaji asiye hodari hukosea mahali pa kuweka kidole. Akatengeneza lenye vyuma vya kugawa sauti kwenye shingo, akaliita Precision, yaani usahihi. Yule kijana wa Liverpool, Paul McCartney, aliponunua la kwake mjini Hamburg mwaka 1961, alichukua Höfner la Kijerumani lenye umbo la zeze kwa sababu Fender ilimshinda bei. Nawatajia hilo ili mjue kwamba kuchagua gitaa kwa kutazama mfuko hakukuanzia Butimba.

Umeme ulipoingia katika muziki wetu miaka ya 1960, kile chama cha michango kilielemewa. Gitaa kavu lilijitosheleza. Besi la umeme bila amplifaya na spika ni ubao tu. Uzi wake mnene hutikisika mara 41 kwa sekunde, na wimbi la sauti hiyo hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Kulisukuma wimbi la namna hiyo mpaka nyuma ya ukumbi kunataka spika pana, sanduku zito na nguvu nyingi za umeme. Kwa hiyo aliyetaka besi alilazimika kununua vitu vitatu, na vyote kwa fedha za kigeni. Wafanyakazi wa kawaida wanaochanga shilingi mbilimbili wangezitoa wapi?

Hapo ndipo wenye uwezo walipoingia. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda NUTA Jazz Band, na wanamuziki wakalipwa mshahara wa mwezi kama makarani. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz. Umoja wa Vijana ukawa na Vijana Jazz. Polisi, Magereza, Jeshi na JKT, kila mmoja na bendi yake. Mwaka 1978 shirika la teksi, TTTS, likaunda Mlimani Park, na shirika hilo lilipolegea, DDC ikaichukua bendi mwaka 1983. Walikuwapo na watu binafsi. Hugo Kisima alikuwa na Orchestra Safari Sound, na Super Matimila ya Remmy Ongala ilipigia vyombo vya mfanyabiashara.

Mimi siwalaumu waliofanya hivyo. Bila mashirika yale nusu ya nyimbo tunazoziita zilipendwa zisingerekodiwa, na wanamuziki wengi wa wakati huo, ukiwauliza, watakwambia mshahara ule ulisomesha watoto. Lakini tazameni lililobadilika. Katika lugha ya wanamuziki lilizaliwa neno "mwenye vyombo", na huyo akawa ndiye mwenye bendi. Jina lilibadilika kwa matakwa yake: NUTA ilipogeuka JUWATA mwishoni mwa miaka ya 1970, bendi nayo ikaitwa JUWATA Jazz, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaitwa OTTU, ndipo baadaye likabaki lile la mtaani, Msondo Ngoma. Mwanamuziki aliyechoka alihama na vidole vyake tu. Mwaka 1985 Kisima aliwavuta wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park kwa mkupuo, akiwamo Muhiddin Maalim, na mji mzima ukazungumza. Walihama kwa sababu huko walikokwenda palikuwa na vyombo vinawangoja.

Mzee wangu wa Butimba alikuwa katika mfumo huo huo, huku Kanda ya Ziwa. Nilimuuliza gitaa alilopiga lilikuwa aina gani. Akasema aliyajua matatu kwa miaka yote hiyo, na hata moja hakuulizwa kabla halijanunuliwa. Afisa ugavi alikwenda mjini akarudi nalo. La pili lilikuwa na shingo nene mno kwa mkono wake. Akalipiga miaka minane.

Na matunzo je? Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye siri ya sauti tuliyokulia. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Nairobi ndiko kulikokuwa na maduka ya vyombo na mitambo ya kuchapa santuri. Mwaka uliofuata ikaja vita ya Kagera, na baada ya vita fedha za kigeni zikaadimika hata za dawa, seuze za nyuzi za gitaa. Mpigaji wa solo uzi ukimkatikia aliweza kubahatisha kwa waya wa breki ya baiskeli. Wa besi hakuwa na bahati hiyo. Uzi wa besi ni waya uliozungushiwa waya mwingine, wala hapana baiskeli yenye waya wa namna hiyo.

Kwa bahati nzuri uzi wa besi haukatiki upesi. Hufa taratibu. Jasho, mafuta ya vidole na vumbi huingia katikati ya mizunguko ya waya, na sauti ikapoteza ukali wake. Hapa ziwani unyevu wa hewa huongeza kutu. Mzee alinieleza kwamba kila baada ya mwezi walizivua nyuzi, wakazichemsha katika sufuria la maji kwa dakika kumi hivi, wakazifuta na kuzianika juani. Zilirudisha uhai kwa siku chache. Seti moja, asema, ilimkalisha miaka minne.

Sasa sikilizeni rekodi zilizofanyika katika studio za Radio Tanzania katika miaka ile. Besi ni la mviringo, nene, halina mng'ao, linatembea chini ya magitaa kama mtu avaaye makubazi. Tumezoea kusema ule ni ustadi. Ustadi ulikuwapo, lakini mimi naamini sehemu ya utamu ule ilitokana na nyuzi zilizochoka. Wala tusione haya, maana huko Detroit, James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo chungu nzima za kampuni ya Motown, anajulikana kwa kutobadilisha nyuzi mpaka zikatike, na yeye hakuwa na shida ya fedha za kigeni. Ng'ambo ya mpaka, katika benga, besi lilipewa kazi nyingine kabisa. Sikilizeni bendi za Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa upande wa Shirati mkoani Mara, aliyefariki kwa ajali karibu na Kisumu mwaka 2006: besi linakimbia na kujibizana na gitaa la solo kama watu wawili sokoni.

Miaka ya 1990 mashirika yakaanza kuuzwa na kufungwa. Disko na vinanda vyenye besi ndani yake vikachukua kumbi, na baadaye muziki wa kompyuta. Nilikuwa shule ya msingi wakati huo, nikipita nje ya baa nikiyasikia magitaa kupitia ukutani, na sikujua kwamba nasikiliza kitu kinachokwisha. Mzee anaikumbuka asubuhi lilipokuja lori. Dereva alikuwa na orodha. Spika zikapakiwa, ngoma zikapakiwa, gitaa la besi likapakiwa. Aliomba abaki na mkanda wa begani, kwa kuwa aliushona mwenyewe kwa ngozi. Dereva akatazama karatasi yake, akasema mkanda umeandikwa.

Tangu siku ile hadi juma lililopita hakuwa ameshika besi.

Lakini besi lenyewe halikufa hapa Mwanza. Lilihamia makanisani. Kwaya kama ile ya AIC Makongoro zilikuwa zimekwisha jenga uimbaji wa magitaa, na leo ukitaka kumsikia mpigaji hodari katika mji huu, nenda Jumapili, usiende Jumamosi usiku. Na magitaa ya viwanda vya China yameshusha bei kiasi kwamba, kwa mara ya kwanza katika historia niliyowasimulia, kijana wa bodaboda anaweza kuota kuwa na la kwake.

Tulipofika kanisani, stoo ikafunguliwa. Gitaa lilikuwa limeegemezwa kwenye ukuta wa bati, upande unaopigwa na jua la jioni. Mzee hakusema neno. Alilichukua, akaliinua usoni, akatazama kwa jicho moja kutoka kichwani hadi mwilini kama seremala anayepima ubao. "Limepinda," akasema. Nyuzi za besi la kawaida la nyuzi nne huvuta shingo kwa nguvu zaidi ya uzito wa kilo 70 mchana na usiku, na hili lina tano. Ukiongeza joto la bati, mbao husalimu amri. Nyuzi zilikuwa zimeinuka mbali na shingo, kidole kingeumia kuzikandamiza.

Akauliza kwa nini walichagua nyuzi tano. Wakajibu kwamba wapigaji wa Kikongo wanaowaona kwenye video wanazo tano. Akaizunguka spika, akaisoma: inchi 10. Akawaambia kwamba uzi ule wa tano unashuka mpaka mitikisiko 31 kwa sekunde, na spika ile ndogo itaupiga kelele tu mpaka siku itakapochanika. Afadhali wangenunua la nyuzi nne, fedha iliyobaki waongeze kwenye spika. Mwalimu wa kwaya akaandika hayo kwenye daftari, ingawa boksi lilikuwa limekwisha funguliwa. Kisha mzee akavijaribu vizungusho vya sauti, akatikisa waya kwenye jeki kusikiliza kama unakwaruza, akakaza skrubu moja kwa kucha.

Ndani ya shingo ya gitaa la besi mna chuma kirefu kinachorekebishwa kwa ufunguo mdogo wa pembe sita. Mzee akauomba. Wakatazamana. Kijana wa bodaboda akasema ulikuwamo katika boksi siku ya kwanza. Pakawa na kutafutana kwa muda mrefu, hata mtoto mmoja akatumwa nyumbani kwa mwenyekiti. Mwishowe ukaonekana kwenye bangili ya funguo za mweka hazina, ambaye alidhani ni wa spika, akautunza pamoja na wa stoo.

Mzee alilegeza nyuzi, akazungusha robo ya mzunguko, akazikaza tena, akapima. Kisha akapiga noti tatu polepole, chini kabisa, na wanakwaya waliokuwa wakibishana nje wakanyamaza. Akamkabidhi gitaa yule kijana, si kamati. Akasema robo haitoshi, ila mbao haziharakishwi. Liwekwe mbali na bati, na kesho jioni mpigaji mwenyewe azungushe robo nyingine, na keshokutwa alitazame tena.

Mwenyekiti akauliza kesho nani atafungua stoo. Mweka hazina akasema yeye anasafiri kwenda Magu, atarudi Ijumaa.