Gobore la nakala la bei chee: unanunua bunduki au unanunua fundi?

Leo tuangalie biashara ambayo wengi wetu tumeiona kwenye sinema tu: magobore ya nakala. Yaani bunduki mpya kabisa kutoka kiwandani, lakini kwa umbo na mtambo wa miaka ya 1700. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia kwa mdeki (ile fimbo ya chuma), unavuta kifyatulio, gumegume linagonga chuma, cheche zinaruka na moshi unatanda.

Soko lake kubwa liko Marekani, Kanada na Uingereza, kwa jamaa wanaovaa sare za zamani na kuigiza vita vya kihistoria. Kila mwezi wa nne, pale Lexington, Massachusetts, hurudia mapigano ya tarehe 19 Aprili 1775 yaliyoanzisha vita vya uhuru wa Marekani. Mwaka 2015 walikusanyika maelfu Waterloo, Ubelgiji, kuadhimisha miaka 200 ya vita vile vya Napoleon. Wote hao wanataka bunduki ya kulipua, na zile halisi za enzi hizo ni ghali mno, tena ni kosa kuzichosha uwanjani.

Sasa basi, mnunuzi anakutana na njia mbili. Ya kwanza ni Italia. Kampuni ya Davide Pedersoli, iliyoanza mwaka 1957 katika mji wa Gardone Val Trompia, inatengeneza nakala za Brown Bess ya Waingereza na Charleville ya Wafaransa, na bei yake inavuka dola 1,000. Ya pili ni India. Karakana za huko hutengeneza bunduki hizohizo na nyingine nyingi ambazo Waitaliano hawazigusi, halafu wauzaji wa Marekani na Kanada huziagiza na kuziuza chini ya dola 1,000, mara nyingi chini sana. Kijana anayejiunga na kikosi cha maigizo, bado hajanunua koti, viatu wala kofia, unadhani ataangalia wapi? Ndiyo hivyo.

Tatizo ni kwamba wengi wanadhani wamepata kitu kilekile kwa nusu bei. Si kweli. Mara nyingi umenunua bunduki ambayo HAIJAISHA, na kazi iliyobaki inamsubiri mtu.

Anza na tundu la kuwashia. Hilo ni tobo dogo ubavuni mwa mtutu linalopitisha moto kutoka kwenye kisahani cha baruti hadi ndani. Magobore mengi ya India husafirishwa bila tobo hilo, ili forodhani yahesabike kama pambo na si silaha. Likifika, muuzaji ndiye analitoboa, au anakuletea hivyohivyo ujijue mwenyewe. Tobo likikaa juu au chini ya mahali pake, moto wa kisahani unawaka bure, puff! na bunduki haitoki. Na hapa kuna mtego: wauzaji wengine husema ukishatoboa mwenyewe, haki ya kurudisha mzigo imekwisha. Soma masharti kabla hujatoa pesa, siyo baada.

Pili ni lile bamba linalopigwa na gumegume. Ili litoe cheche, uso wake lazima uwe mgumu. Ukiwa laini, gumegume linaukwangua tu kama kucha kwenye sabuni. Hili ni lalamiko la siku nyingi kwa bunduki za bei chee, na mnunuzi mgeni huanza kulaumu jiwe, ananunua lingine, na lingine tena. Kumbe chuma chenyewe hakijakomaa. Dawa yake ipo, fundi hulikomaza upya kwa moto, lakini fundi naye analipwa. Ongeza na springi zisizolingana nguvu, kifyatulio kizito, mti mnene kuliko ule wa asili, na skrubu ambazo kila moja ina nyumba yake. Kwa kuwa vipande hutengenezwa kwa mkono, usitegemee kwamba cha bunduki moja kitaingia kwenye nyingine bila tupa kupita.

Tukubaliane, hayo yote ni kero tu. Mtutu ndio roho ya mtu.

Kule Italia, sheria inataka kila mtutu upelekwe kwenye ofisi ya upimaji. Iko hapohapo Gardone, wanaupiga kwa baruti nyingi kuliko kawaida, ukivumilia wanaugonga muhuri. Uingereza nayo ni hivyohivyo: chini ya sheria ya mwaka 1868, kuuza bunduki ambayo haijapimwa ni kosa, na ofisi za kupima ziko London na Birmingham. Marekani haina sheria ya namna hiyo. Kwa hiyo gobore la India linaweza kumfikia mnunuzi wa Marekani bila mtu yeyote kuwahi kuujaribu mtutu wake. Haimaanishi kwamba ni mbovu. Inamaanisha hakuna aliyethibitisha, na wewe ndiye unaweka shavu lako juu ya kitako chake.

(Jambo lenyewe si geni. Karne ya 19 Birmingham na Liège zilitengeneza bunduki nyingi za bei rahisi kwa ajili ya soko la Afrika, na nyingine zilishuka Unguja. Ofisi ya upimaji ya Birmingham ilikuwepo tangu 1813.)

Kutokana na hayo, mimi naona swali la "India au Italia?" limekaa vibaya. Swali ni nani amesimama kati ya karakana na wewe. Wapo wauzaji wanaofungua kila boksi, wanatoboa, wanakomaza bamba, wanajaribu mtutu, wanapiga cheche mbele ya kamera na kukutumia picha. Wapo wanaobandika anwani yako juu ya boksi la meli na kulisukuma mbele. Bei zao zinaweza kupishana kidogo tu, na tovuti zao zote zinang'aa.

Waulize kabla ya kulipa, tena kwa barua pepe ili majibu yabaki. Mtutu umepimwa na nani, na kwa kiasi gani cha baruti? Bamba likigoma kutoa cheche baada ya mwezi, nani anatengeneza? Nani analipa usafiri wa kurudisha? Hilo la mwisho si dogo: Brown Bess ina urefu wa karibu mita moja na nusu na uzito wa kilo 4 na ushee, posta yake si ya bahasha. Anayechukua wiki mbili kujibu swali ukiwa bado na pesa mfukoni, hebu fikiria atakavyojibu akiwa nazo yeye.

Kitu kimoja cha haki kwa muuzaji: usidai asichoahidi. Kwa bei hiyo vanishi itang'aa kupita kiasi, mti utakuwa na alama za patasi, na shaba itahitaji kusuguliwa. Hayo ni ya kumalizia na msasa jioni nyumbani. Ufa kwenye mti karibu na mtambo, au mtambo unaofyatuka wenyewe ukiwa umekokiwa nusu, hapo rudisha mzigo bila aibu.

Kuhusu sheria: chini ya sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1968, nakala ya gobore la gumegume haihesabiwi kama bunduki ya kisasa, ndiyo maana hufika nyumbani kwa posta, ingawa baadhi ya majimbo yana masharti yake. Uingereza unahitaji cheti, na baruti inataka cheti chake. Kwetu Tanzania gobore ni silaha, na silaha zinasimamiwa na sheria ya mwaka 2015. Usije ukaagiza ukasema ulisoma hapa.

Kama mfuko haufiki Italia mpya, kuna njia ya katikati ambayo wageni huisahau: mtumba. Brown Bess za Miroku ya Japani, za miaka ya 1970, bado zinazunguka mikononi mwa waigizaji wazee wanaostaafu. Mara nyingi ile bunduki imeshalipuliwa mamia ya mara na mwenyewe anaijua kila tabia. Mwombe aipige cheche mara kumi mbele yako gizani, bila baruti, uhesabu zinazotoka.

Uwanjani hakuna kubembelezana. Kabla ya onyesho mkaguzi hupita kwenye mstari, anaangalia bamba, anavuta mtambo nusu kuona kama unashika, anatazama kama kuna kikinga moto pembeni ya kisahani, kwa sababu moto wa tobo hutokea upande wa kulia, usoni kwa mwenzako. Bunduki ikishindwa, mwenyewe anatolewa mstarini na kubeba bendera siku hiyo.